Wasiwasi wa Kila Siku: Tuutawale Kabla Haujatutawala

Ndugu msomaji, tuanze na mfano. Huenda ukamkumbusha mtu unayemfahamu, au ukakukumbusha wewe mwenyewe.

Ni mwezi wa Januari. Mama mmoja mwenye watoto wanne anauza samaki wa kukaanga sokoni. Mtoto wake wa kwanza amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Ada katika shule za serikali ilifutwa tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula havikufutwa. Mume wake ni kibarua. Leo kuna kazi, kesho hakuna. Mwezi Desemba mama alikopa shilingi 200,000 katika kikoba. Siku ya kurejesha ilipofika hakuwa nazo, akakopa shilingi 150,000 kwa wale wakopeshaji tunaowaita "kausha damu" ili apunguze deni la kwanza.

Sasa kila ifikapo saa nane usiku mama huyu anaamka ghafla. Moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka viganjani, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi. Anaamini kwamba anakufa. Mumewe amelala pembeni na harufu ya pombe, hataki kumwamsha. Asubuhi jirani wa kwanza anamwambia ni presha. Wa pili anasema ni vidonda vya tumbo vinavyoletwa na mawazo. Wa tatu anamnong'oneza kwamba amerogwa na mwenzake wa sokoni. Na wa nne, tena mwenye nia njema, anamwambia kwamba imani yake ni haba.

Mama anachukua fedha aliyoweka kwa ajili ya sare, anakwenda kupima moyo. Anaambiwa moyo ni mzima. Badala ya kufurahi anazidi kuogopa, maana sasa hajui kinachomsumbua. Fedha iliyobaki anampelekea mganga wa kienyeji. Mtoto anaanza shule akiwa amevaa sare ya kuazima, na huko sokoni mama hamsalimu tena yule mwenzake.

Ndugu msomaji, mama huyu hakupungukiwa akili wala imani. Alipungukiwa maarifa juu ya jambo moja linalompata kila binadamu, nalo ni wasiwasi. Kwa kukosa maarifa hayo alipoteza fedha, usingizi na rafiki. Mwezi huu ukurasa wetu unaeleza wasiwasi ni nini, unafanyaje kazi mwilini, tufanye nini nyumbani, na lini twende hospitali.

KENGELE ILIYOMO MWILINI

Mwili wa binadamu umeumbwa ukiwa na kengele ya hatari. Ukiwa njiani kwenda kisimani ukakutana na nyoka, hukai chini kufikiri. Kabla hujamaliza kumtazama, mwili umekwisha kujiandaa kupigana au kukimbia. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo unaongeza mapigo ili kupeleka damu nyingi miguuni na mikononi. Ini linatoa sukari iliyohifadhiwa ili misuli ipate nguvu. Pumzi inakuwa ya haraka. Jasho linatoka ili kupooza mwili. Tumbo linasimamisha kazi ya kusaga chakula, kwa kuwa huo si wakati wa kula.

Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1915. Mwaka 1936 mtaalamu mwingine, Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alionyesha upande wa pili. Aliona kwamba wanyama wanaoteswa kwa muda mrefu, iwe kwa baridi, kwa majeraha au kwa kuchoshwa, hudhurika kwa namna moja: tezi zile za juu ya figo huvimba na viungo vya kinga ya mwili hunywea.

Hapo ndipo penye somo letu. Kengele hii imeundwa ilie kwa dakika chache, nyoka aondoke, kisha inyamaze. Lakini deni haliondoki kama nyoka. Ugonjwa wa mzazi, ugomvi wa ndoa, shamba lililokosa mvua na kijana asiye na kazi ni mambo yanayokaa nasi miezi na miaka. Mwili hautofautishi vizuri kati ya nyoka na deni, kwa hiyo unaendelea kupiga kengele usiku na mchana. Homoni nyingine iitwayo kotisoli inabaki juu. Matokeo yake ni kukosa usingizi, uchovu, hasira za haraka na kusahau.

Basi wasiwasi wenyewe si ugonjwa bali ni ulinzi. Mwanafunzi asiye na wasiwasi wowote hasomi, na mzazi asiye na wasiwasi wowote hampeleki mtoto mwenye homa zahanati. Unakuwa tatizo pale kengele inapolia bila kukoma, au inapolia mahali pasipo na moto.

DALILI ZAKE

Watu wengi wetu hawasemi "nina wasiwasi". Husema mwili unauma. Kwa hiyo tuzijue dalili zake mwilini:

Moyo kwenda mbio au kudunda kwa nguvu, kifua kubana, kichwa kuuma kama kimefungwa kamba, shingo na mabega kukaza, mdomo kukauka, tumbo kuvuruga au kwenda choo mara kwa mara, mikono kutetemeka, kizunguzungu, kuchelewa kupata usingizi au kuamka usiku wa manane.

Katika akili na tabia huonekana hivi: kuwaza jambo moja na kulirudia, kutarajia mabaya tu, kushtuka kwa kelele ndogo, kukaripia watoto bila sababu, kujitenga na watu, kushindwa kumaliza kazi.

Wengine hupatwa na hofu kuu ya ghafla, kama yule mama wa mfano wetu. Hofu hii hupanda hadi kileleni kwa dakika chache, mara nyingi zisizozidi kumi, kisha hushuka yenyewe. Ganzi ya vidole na kizunguzungu hutokana na kupumua haraka mno, hali inayopunguza hewa ya ukaa katika damu. Inatisha sana, lakini haiui.

YANAYOSEMWA MITAANI

Tuyapitie yale maneno manne aliyoambiwa mama yetu.

"Ni presha." Kwa kawaida presha ya kupanda haina dalili yoyote. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi bila kujua, na mwingine akawa na moyo unaokwenda mbio huku presha yake ikiwa ya kawaida. Njia pekee ya kujua ni kupimwa, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano. Wasiwasi huweza kuipandisha kwa muda mfupi. Aliyekwisha kuandikiwa dawa za presha asiziache eti kwa sababu ameambiwa ni mawazo tu.

"Ni vidonda vya tumbo vya mawazo." Imani hii imeenea sana, na zamani hata madaktari waliiamini. Lakini mwaka 1982 madaktari wawili wa mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliotesha katika maabara bakteria wanaoishi katika tumbo la binadamu. Wenzao walipokataa kusadiki, mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe, na tumbo lake likapata uvimbe. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Leo tunajua kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria hao, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Mawazo yanaweza kuongeza maumivu, lakini vidonda vyenyewe vina vipimo na vina tiba. Usikae navyo miaka ukidhani dawa yake ni kuacha kuwaza.

"Umerogwa." Neno hili halimponyi mtu yeyote, na mara nyingi huacha majeraha mawili: mgonjwa anabaki na wasiwasi wake, na jirani asiye na kosa anapata adui. Dalili zote alizokuwa nazo mama yetu zina maelezo katika mwili wake mwenyewe.

"Imani yako haba." Hili linaumiza kuliko yote, kwa sababu linaongeza aibu juu ya mzigo. Mtu mwenye malaria hatumwambii kwamba hasali vya kutosha. Tunamsindikiza zahanati, na tunamwombea njiani. Aliyelemewa na hofu naye anastahili hivyo hivyo. Sala humtuliza mtu na kumpa tumaini. Isitumiwe kama fimbo ya kumpigia.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Hakuna dawa moja inayomfaa kila mtu. Lakini kuna mambo saba ambayo yamesaidia wengi, na mengi hayahitaji fedha.

1. Utambue na uupe jina. Hofu inapokuja, jiambie kwa sauti ndogo: "Hii ni hofu. Kengele ya mwili inalia. Ilikuja juzi ikaondoka, na sasa pia itaondoka." Usipigane nayo wala usiikimbie. Hofu ni kama mgeni mwenye kelele. Ukibishana naye anakaa, ukimwacha aseme anachoka.

2. Pumua taratibu. Kaa kitini au juu ya mkeka, mgongo umeegemea ukuta. Weka kiganja juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja hadi nne, tumbo lipande. Toa hewa polepole kwa mdomo, kama anayepooza uji, ukihesabu moja hadi sita. Usivute kwa nguvu. Fanya hivyo dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta huupunguzia moyo kasi. Yafaa kujizoeza asubuhi na jioni ukiwa mzima, maana mtu hajifunzi kuogelea siku ya mafuriko.

3. Legeza misuli. Mbinu hii ilielezwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, katika kitabu cha mwaka 1929. Ukiwa umelala, kaza nyayo ukihesabu hadi tano, kisha ziachie. Panda kwenye ndama za miguu, mapaja, tumbo, viganja, mabega, hadi uso. Wengi husinzia kabla hawajafika usoni.

4. Weka daftari la wasiwasi. Tenga nusu saa jioni kabla ya chakula. Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika mambo unayoweza kuyafanyia kitu. Upande wa kulia andika yale usiyoyaweza. Deni ni la kushoto. Mvua ni ya kulia. Kisha chagua jambo moja tu la kushoto, ulikate vipande vidogo, na uandike hatua moja utakayofanya kesho na saa yake. Mawazo yakija usiku, yaambie: "Wakati wenu ni kesho jioni." Asiyejua kuandika na amwombe mtoto amwandikie, au ayahesabu kwa mawe: mawe ya kushoto na mawe ya kulia.

5. Utumie mwili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hiyo ni sawa na nusu saa ya kutembea kwa haraka siku tano. Mkulima na mchota maji huenda wamekwisha kuvuka kiasi hicho. Lakini fundi cherehani, dereva, mwalimu na muuza duka hukaa kutwa nzima. Kutembea kwenda na kurudi kazini ni dawa, kwa sababu misuli inatumia ile nguvu ambayo kengele iliimwaga bure.

6. Linda usingizi. Mtu mzima anahitaji walau saa saba. Lala na kuamka saa zile zile. Kahawa na chai ya rangi vina kafeini, ambayo huchelewa kutoka mwilini: ukinywa kahawa saa kumi na mbili jioni, karibu nusu ya nguvu yake huwa bado imo saa tano usiku. Weka simu mbali na kitanda. Anayesoma habari za vifo na ugomvi wa mitandaoni usiku wa manane anajipigia kengele mwenyewe.

Kuhusu pombe, tuseme wazi, hasa kwa akina baba. Iwe mbege, bia au gongo, pombe hutuliza kwa saa chache. Inapoisha mwilini, hukata usingizi na kuurudisha wasiwasi ukiwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Baba anayekunywa ili asahau deni ataamka akiwa na deni lile lile, kichwa kinachouma, na fedha pungufu. Dawa ya deni ni kulipa, na kabla ya kulipa ni kukaa na mwenzako mkalihesabu.

7. Sema na mtu. Jambo hili linahitaji maelezo zaidi.

BENCHI LA MABIBI WA HARARE

Nchini Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Nasi tuna usemi unaofanana nao: "ana mawazo". Mwaka 2005 daktari wa magonjwa ya akili wa nchi hiyo, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake kijana, aliyejiua. Familia ilitaka kumrudisha hospitali, lakini ilikosa nauli ya basi. Jambo hili lilimchoma daktari moyoni. Alitambua kwamba haifai kumngojea mgonjwa hospitalini. Msaada sharti umfuate alipo.

Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, alianza na mabibi 14. Hawakuwa wauguzi. Walikuwa wahudumu wa afya wa mtaani, wenye umri na heshima. Aliwafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua matatizo yake hatua kwa hatua. Kwa kuwa hapakuwa na chumba, waliketi nje ya zahanati, juu ya benchi la mbao. Ndiyo sababu mpango huo ukaitwa Benchi la Urafiki.

Mabibi hao hufuata ngazi tatu. Ya kwanza ni kufungua mawazo: mtu anaeleza yote, kisha anachagua tatizo moja la kuanza nalo. Ya pili ni kumwinua: wanatafuta pamoja njia inayowezekana. Ya tatu ni kumtia nguvu, ili aendelee mwenyewe. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare, kwa wagonjwa 573, yalichapishwa. Baada ya miezi sita, walioketi na mabibi hao walikuwa na dalili chache za wasiwasi na huzuni kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika pia Malawi na Zanzibar.

Ndugu msomaji, je, sisi hatuna mabibi? Tunao katika kila jumuiya ndogo ndogo. Benchi tunalo chini ya mwembe. Kinachohitajika ni kujifunza kusikiliza. Anayetaka kuwa msikilizaji mwema azingatie haya:

Asikilize zaidi kuliko kusema. Asikatize kwa kusimulia matatizo yake mwenyewe. Asiseme "hayo ni madogo" wala "jikaze". Aulize: "Katika hayo yote, lipi linakusumbua zaidi?" Asimwamulie, bali amsaidie kutafuta hatua ya kwanza. Na juu ya yote, atunze siri. Siri ya mwenzio ikisikika kisimani kesho yake, si yeye peke yake atakayenyamaza. Jumuiya nzima itajifunza kuficha. Nasi tunajua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

WATOTO NAO WANA WASIWASI

Mtoto mdogo hana maneno ya kusema "naogopa". Husema tumbo linauma, hasa asubuhi ya kwenda shule. Huanza tena kukojoa kitandani, hung'ang'ania nguo ya mama, hupigana na wenzake au hushuka ghafla darasani. Wazazi wengi hudhani ni ukaidi, na huchukua fimbo. Fimbo juu ya hofu huzaa hofu ya pili.

Yafaa tumwulize mtoto kwa upole, wakati wa kazi ya pamoja kama kuchambua mboga, badala ya kumsimamisha mbele yetu kama mshtakiwa. Huenda kuna mwanafunzi anayemwonea, huenda anaogopa mtihani, na huenda kuna mtu mzima anayemfanyia ubaya. Tusikilize kabla hatujaamua. Aidha, ugomvi wa baba na mama juu ya fedha usifanyike mbele ya watoto usiku. Mtoto hajui deni ni kiasi gani, lakini anajua sauti ya mama inayolia.

LINI TWENDE HOSPITALI?

Nenda ukapimwe ikiwa wasiwasi umedumu wiki kadhaa bila nafuu, unakuzuia kufanya kazi, kula au kulala, au hofu ya ghafla inakurudia mara kwa mara. Daktari atahakikisha kwanza kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaofanana nao. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kushuka kwa sukari na baadhi ya dawa za pumu huweza kuufanya moyo uende mbio. Kwa hiyo mweleze dawa zote unazotumia, na za kienyeji pia.

Nenda mara moja, usingoje, ikiwa ni maumivu mazito ya kifua yanayokandamiza, yanayosambaa mkono wa kushoto, taya au mgongoni, pamoja na jasho baridi na kukosa pumzi. Hii ni lazima zaidi kwa mwenye kisukari, presha au umri mkubwa. Hapo usijipe moyo kwamba ni wasiwasi tu.

Matibabu yapo. La kwanza ni ushauri nasaha na mazungumzo ya tiba, ambayo humfundisha mgonjwa kuyapima mawazo yake na kuikaribia taratibu hali anayoiogopa. Pia zipo dawa, kama fluoksetini, ambazo daktari huandika kwa wanaozihitaji. Huanza kusaidia baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo mgonjwa asikate tamaa siku ya tatu, na asiziache bila kumwuliza daktari. Onyo kubwa ni juu ya diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium. Hutuliza haraka, lakini humfanya mtu awe mtumwa wake. Usinunue dukani bila cheti cha daktari, wala usipokee kidonge cha jirani. Na aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiikate ghafla, maana ni hatari. Apunguze kwa uangalizi wa daktari.

Lipo jambo moja zaidi, tulitaje bila kuona haya. Wapo wanaolemewa hadi kufikiri ni heri wasingekuwapo. Ukisikia mtu akisema maneno kama hayo, au ukaona anagawa vitu vyake na kuaga bila safari, mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo. Usimwache peke yake. Ondoa karibu naye sumu ya panya na dawa za shambani, na umsindikize kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usimgombeze wala kumtishia.

TUMALIZE NA MAMA YETU

Tuseme mama wa mfano wetu amepata maarifa haya. Kwanza anakwenda zahanati, anapimwa presha na damu, anaambiwa ni salama. Safari hii anaamini, kwa sababu ameelezwa kengele inavyofanya kazi. Usiku ikilia, anakaa kitako, anaweka kiganja tumboni na kupumua hadi itulie.

Jumamosi jioni, kabla mumewe hajatoka kwenda kilabuni, anamwambia: "Baba watoto, naomba tukae kidogo. Kuna jambo nimelibeba peke yangu." Wanaandika deni lote katika daftari la mtoto. Baba anashtuka, maana hakujua kuhusu ule mkopo wa pili. Ananyamaza, anakasirika kidogo, kisha anasema atapeleka fedha ya vibarua viwili kwa "kausha damu" kwanza, kwa kuwa riba yake ndiyo inayokua haraka. Jumatatu mama anakwenda kwa mweka hazina wa kikoba kuomba aongezewe muda, jambo aliloliogopa mwezi mzima. Anakubaliwa alipe shilingi 20,000 kila wiki.

Deni halijaisha. Zitapita wiki kadhaa kabla ya kulimaliza lile la kikoba. Lakini sasa lina ukubwa unaojulikana, lina siku ya mwisho, na linabebwa na watu wawili. Usingizi unarudi kidogo kidogo. Na asubuhi moja pale sokoni anasimama mbele ya meza ya yule mwenzake aliyekuwa amemnunia, na kumwambia: "Dada, nisamehe. Nilikuwa naumwa."

Ndugu msomaji, usingoje hadi kengele ikuangushe. Jioni ya leo chukua karatasi, chora ule mstari katikati, na uandike jambo moja upande wa kushoto. Kisha mtafute mtu mmoja umwambie. Na ikiwa mwezi huu wewe mwenyewe huna mzigo, basi sogea kidogo kwenye benchi. Huenda kuna mwenzako anayetafuta mahali pa kukaa.